Nyasi Mlangoni kwa Enoki

Emilia alipoondoka nyumbani kwake katika kijiji cha Yakobi, asubuhi ya baridi kali ya Juni, mwaka wa hamsini na moja, alisema anakwenda Makambako kumwangalia mama yake. Hakuna aliyebisha, maana mama wa watu alikuwa akisumbuliwa na miguu kweli. Lakini jembe lake alilifunga pamoja na nguo, na mwanamke anayekwenda kumwangalia mgonjwa habebi jembe. Mumewe, Enoki Mgaya, aliuona mpini umechomoza kwenye furushi, akaelewa vizuri kabisa, akasema, "Safari njema." Basi. Maneno mawili, na mke akapanda lori.

Ungemuuliza mtu yeyote wa Njombe wakati ule, angekuambia kinachofuata. Mke akirudi kwao na jembe lake, mume humwacha majuma mawili matatu apoe, kisha humfuata. Hubeba blanketi na jembe jipya, na akifika kwa wakwe haingii ndani wala hapewi kiti. Huketi chini uani, na mashangazi wa mke hutoka kumsema. Nao humsema kwelikweli: uvivu wake, uchoyo wake, ukoo wake, mpaka anavyotafuna. Yeye huinamisha kichwa akiitikia "Ndiyo, mama", mpaka wachoke na mmoja wao ashindwe kujizuia acheke. Hapo blanketi hupokelewa, na kesho yake mume na mke wanarudi kwao. Ni aibu, ndiyo, lakini ni aibu ya nusu siku. Wanaume wenye heshima zao kanisani waliipitia na wakaendelea kuimba kwaya.

Enoki hakwenda. Na usidhani hakwenda kwa kiburi, wala kwa kuwa hampendi mkewe. Hakwenda kwa sababu ya kijitabu.

Kijitabu chenyewe alikipata India, alipokuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, amelazwa hospitali ya jeshi na jeraha la paja alilotoka nalo Burma. Muuguzi mmoja wa Kizungu alikuwa akipita kitanda kwa kitanda akigawa vitabu vilivyochakaa, na Enoki akaangukiwa na hicho kisicho na jalada wala jina la mtunzi. Kilikuwa cha Kiingereza. Ndani yalikuwamo mashairi mafupi ya wazee wa Kichina wa zamani za kale, watu waliochoshwa na wafalme na miji wakaenda kukaa milimani peke yao, wakiifuata waliyoiita Njia, yaani mwenendo wa dunia wenyewe, usiolazimishwa na mtu. Enoki alikisoma kurasa mbili, hakuambulia kitu, akakitia sandukuni.

Kilikaa humo miaka mitano. Kilichokitoa ni kifo cha Idda.

Idda alikuwa mtoto wao wa kwanza na alikuwa na miezi saba. Ilikuwa Julai ya mwaka wa hamsini, ukungu haujaondoka Yakobi siku nne. Kifua kilimbana Jumatano, Ijumaa wakamzika. Watu walilia, mchungaji alisema maneno mazuri, wanawake walikaa na Emilia siku zilizotakiwa, kisha kila mtu akarudi shambani kwake. Enoki alibaki na kitu kimemkaa kooni ambacho hakikupanda wala hakikushuka. Ndipo akafungua sanduku akitafuta shati, akakiona kijitabu, na akakutana na mistari hii:

*Aliyeondoka ameondoka na wingu.
Mlima haukugeuza shingo.*

Elimu yake ilikuwa darasa la sita la shule ya misheni, na kamusi aliyoinunua mwenyewe. Kwa silaha hizo mbili aliwavamia wazee wa Kichina. Alinunua daftari, upande mmoja akaandika shairi kwa Kiswahili chake, upande wa pili akaandika "Maana yake". Chini ya shairi la mlima aliandika: *Maana yake: mwanamume asitikisike. Asimtaje aliyekufa.* Alilitazama neno lake akaliona limekaa vizuri. Loo! Mwanafunzi wa siku tatu, tayari ana amri mkononi.

Tangu siku hiyo akawa mlima. Emilia alikuwa akikoroga uji anasema, "Baba Idda, unakumbuka alivyokuwa akiwacheka kuku?" Enoki anatazama nje. Emilia anasema, "Leo angekuwa anasimama," Enoki anachukua kofia anakwenda kazini. Hakuwa akifanya hivyo kwa ukatili. Aliamini anamwonyesha mkewe mahali pa kujiegemeza. Emilia alivumilia karibu mwaka mzima kuishi na mtu anayetazama nje, kisha akafunga jembe lake.

Alipoondoka, Enoki alikwenda moja kwa moja kwa washauri wake. Ilimchukua Jumapili tatu kulifasiri shairi alilolipata ukurasa wa kumi na tisa:

*Sikuuita mto; umefika baharini.
Nimeketi, nyasi zimeota mlangoni.*

Alilizunguka kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Mwisho akaandika: *Maana yake: usimwite anayekwenda. Kila kitu hufika mahali pake chenyewe. Keti. Usifyeke.* Akafurahi sana, kwa sababu kusema kweli aliogopa ule ua wa Makambako. Huko angeulizwa kwa nini hakumlilia mwanawe, na hakuwa na jibu. Sasa wazee wa China walikuwa wamempa ruhusa ya kutokwenda, tena kwa maneno mazuri. Emilia atarudi mwenyewe. Kumfuata ni kumlazimisha.

Basi akaketi. Na nyasi nazo aliziacha. Majirani waliotoka kufagia nyua zao kila Jumamosi waliuona ua wa Enoki ukimea, wakapita kimya kimya wakidhani ana msiba mwingine.

Kazi yake ilikuwa kwenye kitalu cha miche ya miwati, miti ya magome ya kutengenezea ngozi, nje kidogo ya mji. Mwenzake pale alikuwa Linus, Mkatoliki mmoja mcheshi aliyependa maswali. Siku moja ya Agosti walikuwa wakitayarisha mbegu. Mbegu ya mwati ina gamba gumu, na ukiitia udongoni hivihivi itakaa humo mpaka uzeeke, kwa hiyo humwagiwa maji ya moto kwanza. Enoki alikuwa ameshika birika akizimwagia huku akimweleza Linus habari za Njia, jinsi dunia inavyojiendea bila kusukumwa.

Linus alimsikiliza mpaka mwisho. "Na hizi je?" akauliza. "Mbona unaziunguza?"

"Mbegu ni mbegu," Enoki alijibu.

"Mke ndiye mto?"

"Wewe hujasoma kitabu."

"Sijasoma," Linus alikubali. "Ila kaka, mfuate mkeo. Mimi shemeji nampenda, na wewe unakonda."

Alikuwa anakonda kweli. Tuseme wazi: alikuwa mpweke, upweke wa kumfanya mtu asimame jikoni ameshika mwiko hajui alikuwa anafanya nini. Ugali kila siku ulimzidi kiasi, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea kupika wa watu wawili. Kanisani alikaa upande wa wanaume na macho yake yakavuka yenyewe kwenda upande wa pili, benchi la nne, ambapo pale pa Emilia palikuwa pamejazwa na mama mwingine mnene. Wazee wa kanisa walimuuliza, "Mama hajambo?" Akasema, "Hajambo," wala hakujua kama hajambo. Kitandani alilala ukingoni, upande wake, kana kwamba kuna mtu atakayekuja kulala upande wa pili. Alitamani Emilia arudi kuliko alivyopata kutamani kitu chochote, kuliko hata alivyotamani kutoka Burma akiwa hai. Lakini kila alipofikia kuchukua kofia aende kwenye lori, alifungua daftari, na daftari likamwambia keti.

Mwishoni mwa mwezi huohuo wakwe walimtumia mtu. Yoeli, kaka yake Emilia, alisema amekuja Njombe kutafuta mbegu za viazi, akapitia Yakobi. Alipita katikati ya nyasi zinazofika magotini, akaketi, akanywa uji.

"Kamwene, shemeji," alisema. "Mama anauliza kama barabara ya Makambako imeharibika."

Enoki alicheka kidogo. "Barabara ni nzima."

"Shangazi Priska naye anakusalimu. Anasema koo lake limepona kikohozi, yuko tayari."

Mtu mwingine angeruka akatafute blanketi jioni ileile. Mlango ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho, shangazi mwenye ulimi mkali kuliko wote Makambako amekwisha kulainisha koo kwa ajili yake. Enoki alimtazama shemeji yake kwa upole wa mtu mwenye siri, akasema, "Waambie simlazimishi mtu. Kila kitu kitafika mahali pake."

Yoeli aliweka kikombe chini. Akaaga, akaenda zake, na mbegu za viazi hakununua.

Septemba ikapita, Oktoba ikapita, pepo za Oktoba zikakausha kila kitu, na zile nyasi zikageuka rangi ya kamba. Novemba mawingu yakaanza kukaa juu ya vilima upande wa Lupembe. Ndipo Linus, aliyekuwa ametumwa Makambako na lori la kazini, akarudi siku ya Ijumaa hana ucheshi wowote.

"Nimemwona shemeji," alisema. "Anafyeka."

"Anamsaidia mama yake."

"Hapana, kaka. Baba yake amemkatia shamba. Lake mwenyewe, kuanzia kisimani mpaka kwenye miti. Nimemkuta anapanga mipaka."

Enoki alikaa chini palepale kati ya matuta ya miche. Baba hamkatii shamba binti anayesubiri kufuatwa. Binti anayesubiri hulima la mama yake, maana wakati wowote ataondoka. Akikatiwa lake, basi watu wa kwao wamekwisha kumhesabu kuwa amerudi.

Jumamosi asubuhi alikuwa juu ya lori, blanketi jipya na jembe jipya kwenye furushi. Ilipasa aende na mjomba wa kumsemea, lakini mjomba alikaa Lupembe na lori halingojei mjomba wa mtu. Njia nzima alijipanga. Watamsema, naye ataitika. Watasema hana moyo, atasema ndiyo, mama. Watasema aliwadharau, atasema ndiyo, mama. Safari hii aliitaka ile aibu, aliitamani hasa. Walipofika njia panda ya Makambako upepo ulikuwa ukirusha mchanga, na wanaume waliokuwa wakienda kwenye mashamba ya mkonge walikuwa wamejikunyata na mablanketi yao wakingoja magari ya kuwapeleka Iringa na mbele zaidi. Akawapita karibu anakimbia.

Uani kwa Mzee Elieza, baba mkwe wake, hapakuwa na mtu. Enoki alivua kofia, akaketi chini kwenye vumbi, akaweka furushi mbele yake, akainamisha kichwa.

Shangazi Priska alitoka jikoni. Enoki alisikia hatua zake zinakuja, akakaza mabega.

"Aa, Bwana Mgaya!" shangazi alisema. "Mbona chini? Utachafua suruali. Leteni kiti jamani, kuna mgeni."

Kiti kikaletwa. Enoki hakuinuka.

"Shangazi, nimekuja."

"Karibu sana. Huko Njombe mvua zimeanza?"

"Nimekuja kusemwa, mama."

Yule mama alimtazama, na usoni mwake hapakuwa na hasira hata kidogo. Hapo ndipo Enoki alipoogopa. "Kusemwa kwa lipi, baba? Mgeni hasemwi," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayemwonea huruma, "Yalikuwapo. Mwezi wa saba nilikuwa nayo yote, nimeyapanga. Nilikuwa nakaa hapa Jumamosi nikisikia lori. Sasa nimeyasahau."

Alikalishwa kitini. Mzee Elieza alikuja akaongea naye habari za bei ya ngano na homa ya ng'ombe, kwa adabu kamili. Mama mkwe alimsalimu kwa mbali, kama ilivyo desturi, akamtakia afya. Kuku alichinjwa, Enoki alimsikia anavyolia nyuma ya nyumba, akatamani kuzuia. Emilia alikuja kutoka shambani, udongo mwekundu mpaka magotini, akapiga goti akamsalimu, akaleta maji ya kunawa. Alikuwa amenenepa kidogo. Na katika bakuli, juu kabisa, walikuwa wamemwekea firigisi, sehemu ya mgeni wa heshima, naye akaila kwa kuwa haikataliwi, na haikuwa na ladha yoyote.

Walipomaliza, Mzee Elieza alitazama jua. "Lori la Njombe hurudi saa tisa," alisema. "Emilia, msindikize mgeni." Furushi la blanketi na jembe Enoki alikabidhiwa lilivyo, hata fundo halikufunguliwa.

Walitembea mpaka nyumba zikawa nyuma yao. Enoki ndiye aliyeanza. Alimweleza yote: kijitabu, wazee wa Kichina, Njia, mto usioitwa. Alimsomea lile shairi kwa kichwa, akamweleza maana yake, na jinsi alivyoacha hata nyasi ziote kwa ajili yake.

Emilia, ambaye hakupata kusoma zaidi ya Agano Jipya na kitabu cha nyimbo, alisimama. "Rudia hapo mwisho."

"Nimeketi, nyasi zimeota mlangoni."

"Huyo mzee alikuwa na mke?"

"Hakusema."

"Nyasi zikiota mlangoni, Baba Idda, ni kwamba hakuna miguu iliyopita. Hakuna aliyemjia, na yeye hakwenda kwa mtu. Huyo mzee alikuwa analia, na wewe ukafikiri anakupa amri."

Miezi mitano, kamusi nzima, na jambo hilo halikumjia Enoki. Aliliona sasa, akamwona yule mzee wa mlimani ameketi peke yake anatazama njia, na lile lililomkaa kooni tangu Julai ya mwaka jana likaanza kupanda.

"Alikuwa ananishika sikio," alisema.

"Nani?"

"Idda. Nikimbeba asubuhi. Hili la kushoto. Anavuta mpaka nipige kelele, ndipo anacheka. Ile Alhamisi nilimbeba akanishika sikio, lakini hakuvuta. Alishika tu. Nikajua kwamba anakwenda. Nilijua siku moja kabla yenu nyote."

"Hukuniambia."

"Sikumwambia mtu."

Akalia. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima aliyerudi na medali ya vita, kando ya barabara kuu, na wale waliokuwa wakingoja magari wakageuza nyuso zao kwa heshima. Emilia naye machozi yalimtoka. Alimshika mkono, wakasimama hivyo, wazazi wa Idda, kwa mara ya kwanza tangu makaburini.

"Hilo ndilo nililolitaka," Emilia alisema. "Hilo tu. Nililingoja Yakobi mwaka mzima, nikaja nikalingoja na hapa."

"Basi twende nyumbani."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakuuachia mkono. "Nilimlilia peke yangu, Baba Idda. Usiku na mchana, mpaka nikamaliza. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Mimi siwezi kurudi kule mwanzo tena."

Lori lilikuwa limefika, utingo anaita abiria wa Njombe. Enoki alijifuta uso kwa kofia.

"Nikija tena? Na mjomba, kwa utaratibu wote?"

"Njoo," Emilia alisema. "Utakaribishwa vizuri."

Alipanda, akapata nafasi juu ya magunia, furushi mapajani. Lori lilipogeuka aliinua macho amwone bado, lakini Emilia alikuwa amekwisha kuondoka, anatembea upesi bila kuangalia nyuma. Mvua ilikuwa karibu, na nusu ya shamba lake ilikuwa haijalimwa.